Ugonjwa Usiosema: Somo kwa Vikundi Juu ya Maambukizi ya Kizazi na Utasa



Katika somo la leo tunazungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema chini chini: mama kukosa mtoto. Tumechelewa kuliandika. Si kwamba hatukuulizwa. Tuliulizwa mara nyingi, lakini kila mara swali lilikuja baada ya mkutano kufungwa, mtu akitufuata hadi barabarani.

Safari hii liliulizwa mbele ya wote. Tulikuwa Kinondo, chini ya mwembe, pamoja na kikundi kimoja cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana. Siku hiyo tulikuwa tukizungumzia mikopo. Mama mmoja alikuwa ameomba mkopo wa tatu kabla hajamaliza wa pili, na mweka hazina akataka kujua pesa zinakwenda wapi. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Zinakwenda kwa kutafuta mtoto. Mkopo wa kwanza nilimpelekea mganga. Wa pili nilinunulia dawa dukani, mara tatu. Sasa wakwe wamempa mume wangu hadi mwisho wa mwaka aoe mwingine. Nina miaka sita katika nyumba ile. Wala sijaumwa tumbo la chini hata siku moja. Mtaniambiaje kwamba nina ugonjwa?"

Hakuna aliyejibu. Mwishowe bibi mmoja mtu mzima akamwuliza, "Mwanangu, na mumeo amepimwa?"

"Ng'o! Yeye asema yu mzima."

Somo hili ni jibu letu kwa mama huyo, na kwa mume wake pia. Likisomwa kikundini, tunaomba akina baba nao waitwe.

1. UTASA SI WA MAMA PEKE YAKE

Mke na mume wakikaa pamoja miezi 12, wakikutana kama kawaida bila kuzuia mimba, na mimba isiingie, hapo ndipo waganga wa hospitali husema kuna shida ya uzazi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba duniani kote karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake. Basi si laana ya ukoo mmoja wala ya kijiji kimoja.

Shida inaweza kuwa kwa mke, au kwa mume, au kwa wote wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mume nao umo. Hapa tusichanganye mambo mawili. Nguvu za kiume ni jambo moja, na mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote na mbegu zikawa chache au dhaifu. Hata aliyekwisha kuzaa zamani anaweza kupata shida baadaye. Kwa hiyo neno "mimi ni mzima" si kipimo.

2. VIJIDUDU HUFANYA NINI?

Kizazi cha mama kina mirija miwili membamba, mmoja kulia na mmoja kushoto. Yai hupita humo, na humo ndimo yai na mbegu hukutana. Mrija ukiziba, ni kama mfereji wa shamba uliojaa tope: maji yapo juu na mimea ipo chini, lakini havikutani.

Mirija huzibwa hasa na makovu. Vijidudu huanzia kwenye shingo ya kizazi, hupanda hadi ndani, mirija huvimba, na uvimbe ukipona huacha kovu. Vijidudu vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii ni vya kisonono na vya klamidia. Hivi viwili huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini si vyote hupitia njia hiyo. Mama anaweza kupata maambukizi baada ya kujifungua mahali pasipo safi, au baada ya mimba kuharibika. Kifua kikuu nacho huweza kushuka kutoka mapafuni hadi kwenye kizazi. Kwa hiyo mama akiambiwa mirija yake imeziba, asihukumiwe kwamba alikuwa mzinzi.

Kila uvimbe unaorudi huongeza hasara. Katika mji wa Lund, nchini Sweden, madaktari waliwafuata wanawake waliopata uvimbe wa mirija kati ya mwaka 1960 na 1984. Waliougua mara moja, karibu 8 kati ya kila 100 walikosa uzazi kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, karibu 20. Waliougua mara tatu au zaidi, 40. Tunaona basi kwamba kutibiwa mapema ni kuokoa mrija ambao bado mzima.

Kwetu Afrika jambo hili ni zito zaidi. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza wake na waume wenye shida ya uzazi katika nchi 25. Katika vituo vya Afrika, karibu nusu ya wanawake walikuwa na mirija iliyoziba pande zote mbili, kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia. Na majirani zetu wa Uganda walikuwa na ushahidi wao hata kabla ya hapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1973 ulilinganisha Teso na Ankole. Teso kulikuwa na kisonono kingi na watoto wachache. Ankole kisonono kilikuwa kidogo na watoto wengi.

3. UGONJWA USIOSEMA

Hapa lazima tukiri kosa letu. Miaka iliyopita, katika semina zetu, tuliwafundisha akina mama dalili: usaha, kuwashwa, maumivu ya tumbo la chini, kuumwa wakati wa kukojoa. Dalili hizo ni za kweli, na mwenye nazo asikae nyumbani. Lakini wengi waliondoka wakiamini kwamba asiye na dalili hana ugonjwa. Hilo si kweli.

Wanawake wengi wenye klamidia hawasikii lolote. Wanaume wengi vilevile. Kijidudu hiki hujificha ndani ya chembe hai za mwili na kufanya kazi yake polepole, bila homa na bila maumivu. Mama hulima, huchota maji, huuza samaki, kumbe mirija inaziba. Ndiyo maana tukauita ugonjwa usiosema.

Tangu miaka ya 1990, zahanati nyingi nchini Kenya hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili. Muuguzi huuliza, hutazama, kisha hutoa dawa za vijidudu vinavyodhaniwa. Mpango huu umesaidia watu wengi, kwa sababu mgonjwa hutibiwa siku ile ile bila kungoja maabara. Lakini una matundu mawili. Asiye na dalili hapati dawa. Na mwenye uchafu wa kawaida, kama ule wa ukungu ukeni, anaweza kupewa dawa ya zinaa isiyomhusu, akarudi nyumbani na aibu isiyo yake.

4. KIPIMO KINACHOSOMA MAANDISHI YA KIJIDUDU

Zamani maabara ilitegemea darubini, au kuotesha vijidudu kwenye vyombo hadi vionekane. Klamidia haioti kwa urahisi, na darubini ya kawaida haiioni vizuri. Siku hizi kuna njia nyingine. Wengi wenu mlilisikia jina PCR wakati wa korona, mwaka 2020. Kipimo ni hicho hicho, ila kinachotafutwa ni kingine.

Kila kiumbe hai kina maandishi yake ndani, yanayoitwa DNA. Klamidia ina maandishi ambayo kiumbe mwingine hana. Kipimo cha PCR hutafuta kipande kimoja cha maandishi hayo na kukinakili: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane. Ninyi watu wa akiba mtaielewa hesabu hii upesi. Tuseme mmeweka shilingi 1 sandukuni, na kila mkutano inajizidisha mara mbili. Baada ya mikutano 10 mtakuwa na shilingi 1,024. Baada ya mikutano 20, zaidi ya milioni 1. Baada ya mikutano 30, zaidi ya bilioni 1. (Mikopo yetu haizai hivyo, na ingezaa hivyo tungekimbiana!) Kwa njia hii hata vijidudu vichache sana huweza kujulikana. Aliyebuni njia hiyo mwaka 1983 ni Mmarekani, Kary Mullis, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993.

Kwa kupimwa, mama hutoa majimaji ya ukeni kwa kijiti chenye pamba. Mara nyingi anaweza kukichukua mwenyewe, faraghani, baada ya kuelezwa. Mume hutoa mkojo tu. Ile mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu katika hospitali zetu inaweza pia kupima klamidia na kisonono ikiwekewa kibweta chake, na majibu hutoka kwa muda wa kama saa moja na nusu. Shida ni kwamba vibweta hivyo ni ghali na havipatikani kila mahali. Ulizeni kwanza kabla ya kulipa nauli.

Kipimo hiki kimeshafunua mambo hapa kwetu Kenya. Jijini Nairobi madaktari waliwachunguza wanawake waliokuja kliniki wakiumwa na tumbo la chini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walitafuta kwa PCR kijidudu kidogo sana kiitwacho mikoplasma jenitaliamu, ambacho ni vigumu mno kukiotesha. Kati ya wanawake 58 waliokuwa na uvimbe wa ndani ya kizazi, 9 walikuwa nacho. Kati ya 57 wasio na uvimbe huo, alikuwa nacho 1 tu. Bila kipimo cha namna hii wale 9 wangeambiwa hakuna kilichoonekana.

Lakini tusikigeuze kipimo kuwa mganga mpya. Kumbukeni mambo matatu:

Kwanza, kinaonyesha kijidudu kilichopo leo. Hakionyeshi kovu la jana. Mama anaweza kupimwa akaonekana hana kijidudu, na mirija ikawa imeziba tangu miaka mitano iliyopita. Mirija hutazamwa kwa njia nyingine, kama picha ya eksirei baada ya kupitishiwa dawa maalum.

Pili, dawa huua kijidudu lakini haifungui mrija uliokwisha kuziba.

Tatu, kipimo hakisemi nani alimletea nani, wala lini. Klamidia inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kujulikana. Tunaliweka wazi jambo hili kwa sababu ndoa nyingine huvunjika siku ya majibu, na huvunjika kwa swali ambalo maabara haiwezi kulijibu.

5. NA KICHOCHO CHETU JE?

Pwani ya kusini tuna adui mwingine ambaye haji kwa kujamiiana. Ni kichocho cha mkojo. Mtoto akicheza au kufua katika kidimbwi au kijito chenye konokono wabebaji, minyoo midogo hupenya ngozi yake. (Maji ya chumvi ya bahari hayana konokono hawa.) Wengi tulikua tukiona damu kwenye mkojo, tukadhani ni sehemu ya utoto.

Mayai ya minyoo hiyo yana mwiba. Hayaishii kwenye kibofu tu. Kwa wasichana na akina mama huingia pia kwenye shingo ya kizazi, ukeni na hata kwenye mirija, yakaleta vidonda na makovu. Mama huona uchafu, kuwashwa, au damu baada ya tendo la ndoa. Mara nyingi huambiwa ana ugonjwa wa zinaa, hupewa dawa za zinaa, na hapati nafuu. Mkojo wake unaweza kuonekana safi huku kizazi kina mayai. Hapa pia PCR husaidia. Nchini Zimbabwe watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba DNA ya kichocho inaweza kupatikana katika majimaji ya ukeni. Nchini Zambia wanawake wamejichukulia vipimo hivyo wenyewe majumbani mwao.

Na hili ni la kwetu hasa. Tangu miaka ya 1980 watoto na watu wazima wa vijiji vya Msambweni walipimwa na kutibiwa kichocho katika mradi wa utafiti. Miaka mingi baadaye watafiti waliwarudia wanawake wa huko na kuwauliza habari za uzazi wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliotibiwa wakiwa bado wadogo, kabla ya kufika miaka 21, walikuwa na shida ndogo ya kupata mimba kuliko waliotibiwa wakiwa wakubwa.

Akina mama, mnaelewa maana yake? Siku ya dawa ya kichocho shuleni, mtoto wa kike asifichwe nyumbani eti dawa inamtapisha. Dawa ile, prazikwanteli, inalinda kizazi chake cha kesho. Na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali penye kichocho kingi dawa itolewe hata kwa watu wazima, siyo watoto wa shule pekee.

6. MKIENDA HOSPITALI

a) Nendeni wawili. Mama akitibiwa peke yake na baba akabaki na kijidudu, ugonjwa utarudi usiku ule ule.

b) Semeni kweli yote: miaka ya ndoa, mimba zilizoharibika, homa baada ya kujifungua, damu kwenye mkojo utotoni, kikohozi cha muda mrefu, na dawa zote mlizokwisha kumeza, za duka na za miti.

c) Ulizeni: "Je, tunaweza kupimwa klamidia na kisonono kwa PCR? Kama si hapa, ni wapi? Na kwa kuwa tumekulia Kwale, je, kichocho cha kizazi kimefikiriwa?" Kuuliza si utovu wa adabu.

d) Msinunue dawa kwa kubahatisha. Kisonono kimezoea dawa nyingi za zamani, na dawa nyingine hazimfai mama mwenye mimba. Mkipewa dawa ya siku 7, imezeni siku zote 7, na msikutane hadi wote wawili mmalize.

e) Msikimbilie kurudia kipimo. Mabaki ya vijidudu vilivyokufa yanaweza kuonekana kwa PCR kwa wiki kadhaa. Ngojeni angalau wiki 4, ama fuateni tarehe mliyopewa. Halafu pimweni tena baada ya miezi 3, kwa sababu wengi huambukizwa upya.

f) Baada ya hapo ndipo mirija ya mama na mbegu za baba zitazamwe, kila mmoja na kipimo chake.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tuwarudieni wale akina mama wa Kinondo. Walibishana sana. Wengine walisema mkopo ni wa biashara tu. Wengine wakasema mwenzao akifukuzwa, kikundi kitapoteza mwanachama na deni pia. Mwishowe waliamua kuanzisha mfuko mdogo wa matibabu, tofauti na wa mikopo, kila mtu akichangia kidogo kila mkutano. Sharti lilikuwa moja: kwa shida ya uzazi, mume na mke waende pamoja.

Sharti hilo ndilo lililomtoa mume nyumbani. Mzee mmoja, baba wa mwanachama, alikwenda kuzungumza naye jioni mbili. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupimwa, na hakupungukiwa na kitu.

Walivuka Likoni wakapimwa Mombasa. Wote wawili walikuwa na klamidia. Mama alitueleza kwamba wakati wa kurudi, katika feri, mumewe hakusema neno hadi wakafika ng'ambo. Kisha akamwuliza, "Dawa zako umeziweka wapi? Tusizisahau." Hapo akajua kwamba wangemeza pamoja.

Baadaye picha ya mirija ilionyesha wa kulia umeziba na wa kushoto unapitisha. Tunapoandika somo hili mtoto bado hajapatikana, wala hatuwezi kuwaahidi. Lakini ule mwisho wa mwaka umekwisha kupita, na mume hajaoa. Wakwe walipokuja kuuliza, yeye ndiye aliyejibu: "Tulikuwa wagonjwa sote wawili."

Kikundi chenu kinaweza kufanya haya: kuweka mfuko wa nauli na vipimo, kumwalika mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi aje afundishe, kuhakikisha kila mtoto anapata dawa ya kichocho, na kutunza siri. Siri ikivuja mara moja, hakuna mama mwingine atakayesema.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijijini kwetu, ndoa ikikosa mtoto, nani hulaumiwa kwanza? Kwa nini?
2. Asiye na dalili anaweza kuwa na ugonjwa? Elezeni kwa maneno yenu.
3. Kipimo cha PCR kinaonyesha nini, na nini hakionyeshi?
4. Tutumie maneno gani kumwomba mume aende kupimwa bila kumdhalilisha?
5. Watoto wetu huoga na kufua wapi? Ni wangapi waliokosa dawa ya kichocho mara ya mwisho?
6. Tukichangia kidogo kila mkutano, mfuko wetu utatosha watu wangapi kwa mwaka mmoja?

Andikeni majibu ya swali la sita katika daftari la kikundi, na mkutano unaofuata anzeni kuchanga.